Historia ya Uchunguzi wa Viungo vya Uzazi na Uhifadhi wa Mbegu za Kiume katika Jike la Mnyoo-Mahameli, 1826–2001

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi wanazuolojia walivyojenga maarifa kuhusu viungo vya uzazi vya jike la mnyoo-mahameli, hususan swali la mahali mbegu za kiume zinapokaa baada ya kupandana na kabla ya utungisho. Kipindi kinachojadiliwa kinaanzia 1826, mnyama huyu alipoelezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi, hadi 2001. Hoja kuu ni kwamba makosa yaliyojitokeza katika kipindi hicho hayakutokana na udhaifu wa vifaa peke yake. Yalitokana zaidi na mazoea ya kuifanya spishi moja iliyopatikana kuwa kielelezo cha kundi zima, mazoea yaliyoimarishwa na matumizi ya jina moja la jenasi, Peripatus, kwa wanyama waliotofautiana sana kwa namna ya kuzaa. Makala inaonyesha kwamba kila hatua ya maendeleo ilipatikana pale mpasuaji alipounganisha alichokiona mezani na maisha ya mnyama mwenyewe, yaani umri wake, majira yake na mahali alipokusanywa.

1.0 Utangulizi

Mnyoo-mahameli ni mnyama mdogo asiye na uti wa mgongo, mwenye mwili laini, jozi nyingi za miguu mifupi yenye kucha, na ngozi iliyojaa vinundu vidogo vidogo vinavyoifanya ionekane kama kitambaa cha mahameli. Huishi penye unyevu, chini ya magogo yanayooza, majani makavu na mawe, na huwinda kwa kurusha ute unaonata. Kundi lake huitwa Onikofora, na wanyama wake walio hai wamegawanywa katika familia mbili. Familia ya Peripatidae inapatikana katika tropiki ya Amerika, Gabon na maeneo jirani, na Kusini-Mashariki mwa Asia. Familia ya Peripatopsidae inapatikana Afrika Kusini, Chile, Australia, New Guinea na New Zealand. Kwa kuwa Kiswahili hakina jina la mazoea la mnyama huyu, makala hii inatumia jina la mnyoo-mahameli, ingawa kwa uainishaji wa kisayansi yeye si mnyoo bali ni jamaa wa karibu wa arithropoda.

Umbo la jumla la viungo vya uzazi vya jike linaweza kuelezwa kwa ufupi. Kuna ovari mbili zilizokaribiana au kuungana. Kutoka kwenye ovari hutoka mirija miwili ya mayai, ambayo hupanuka na kuwa uterasi mbili ndefu. Uterasi hizo huungana karibu na mwisho wa mwili na kufunguka nje kwa tundu moja la uzazi lililo upande wa tumbo. Katika spishi nyingi, kila mrija una kifuko cha mviringo karibu na ovari. Ndani ya kifuko hicho hukaa mbegu za kiume zilizopokewa kutoka kwa dume. Kifuko hicho kinaitwa hapa kihifadhi mbegu. Neno kifurushi cha mbegu, kwa upande mwingine, linatumika kwa kile kibumba kidogo ambacho dume hukitoa kikiwa na mbegu zake ndani.

Swali la kihistoria linalotokana na maelezo haya ni rahisi kuliuliza. Kwa nini ilichukua zaidi ya karne moja kukubaliana kuhusu kazi ya kifuko kimoja, na kwa nini kukosekana kwake katika baadhi ya spishi kulizua mjadala mkubwa kuliko kuwapo kwake?

2.0 Kutoka moluska hadi huntha, 1826–1877

Mnyoo-mahameli aliingia katika maandishi ya zuolojia mwaka 1826 kupitia kwa Lansdown Guilding, kasisi aliyeishi katika kisiwa cha Saint Vincent huko Karibi. Guilding alimpa jina la Peripatus na kumweka miongoni mwa moluska, kama konokono asiye na gamba aliyeota miguu. Mwaka 1853 mwanazuolojia wa Kijerumani Adolph Eduard Grube alichapisha uchunguzi wa kina wa Peripatus edwardsii na kuanzisha jina la Onikofora. Katika hatua hizi mbili swali kuu lilikuwa nafasi ya mnyama huyu katika uainishaji, na viungo vya uzazi vilichunguzwa kama ushahidi wa nafasi hiyo. Katika mazingira hayo, wazo kwamba mnyama huyu ni huntha, mwenye viungo vya kiume na vya kike katika mwili mmoja, halikuonekana la ajabu. Konokono wengi na minyoo wengi ni mahuntha.

Mabadiliko yalikuja na safari ya meli ya utafiti ya Uingereza, Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876. Meli ilipotia nanga katika Rasi ya Tumaini Jema mwishoni mwa 1873, Henry Nottidge Moseley, mmoja wa wanazuolojia wa safari hiyo, aliwapata wanyama hai wa spishi ya Peripatus capensis na kuwapasua wakiwa wabichi. Matokeo yalitolewa mwaka 1874. Moseley alionyesha kwamba mnyama huyu ana mirija ya hewa, sifa iliyomsogeza upande wa arithropoda. Alionyesha pia kwamba jinsia zake ni mbili zilizotengana. Ubichi wa wanyama ulikuwa na uzito katika ugunduzi huo, kwa sababu mirija ya hewa huonekana vizuri ikiwa bado na hewa ndani, ilhali katika kielelezo kilichokaa muda mrefu ndani ya spiriti hewa hiyo hutoweka.

Hata hivyo, suala la huntha halikuishia hapo. Mwaka 1876 Frederick Wollaston Hutton, aliyekuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Otago huko New Zealand, alichapisha maelezo ya Peripatus novae-zealandiae na kumwona kuwa ni huntha. Moseley alimjibu mwaka 1877 na kupinga tafsiri hiyo. Mara nyingi mabishano haya hutajwa kama kosa dogo lililosahihishwa haraka. Yakitazamwa kwa maarifa ya baadaye, yana maana kubwa zaidi. Jike wa spishi ya New Zealand ana vihifadhi mbegu, na jike aliyekwisha kupandwa hubeba mbegu za kiume ndani ya mwili wake muda mrefu baada ya kuachana na dume. Aidha, madume wa wanyama hawa kwa kawaida ni wadogo kuliko majike, na katika makusanyo mengi huwa wachache. Mpasuaji anayekuta mayai na mbegu za kiume katika mwili mmoja, bila kujua kuwapo kwa kiungo cha kuhifadhi, anabaki na tafsiri mbili: ama mnyama amezitengeneza mbegu hizo mwenyewe, ama amezipokea kutoka kwa mwingine. Tafsiri ya pili ndiyo iliyo sahihi, lakini ndiyo inayohitaji ushahidi zaidi, kwa kuwa inadai tendo ambalo mpasuaji hakulishuhudia. Kwa hiyo, dhana ya huntha inaweza kusomwa kama dalili ya mwanzo ya kuwapo kwa uhifadhi wa mbegu, ingawa dalili hiyo ilisomwa vibaya.

3.0 Rasi na Trinidad: mifano miwili chini ya jina moja, 1882–1888

Baada ya Moseley, kazi ya anatomia ilihamia Cambridge. Francis Maitland Balfour alikuwa akiandaa uchunguzi mpana wa Peripatus capensis alipofariki kwa ajali ya kupanda mlima katika Alps, Julai 1882, akiwa na umri wa miaka 30. Kazi yake ilihaririwa na Moseley pamoja na Adam Sedgwick na kuchapishwa mwaka 1883. Sedgwick aliendeleza kazi hiyo. Alisafiri hadi Rasi ya Tumaini Jema mwaka huohuo wa 1883 kukusanya wanyama, na kati ya 1885 na 1888 alichapisha mfululizo wa tafiti kuhusu ukuaji wa viinitete na mapitio ya spishi zilizojulikana.

Picha iliyojengwa na Sedgwick kuhusu spishi ya Rasi ilikuwa na mambo matatu yanayohusiana na mada hii. Kwanza, jike wa Peripatus capensis hana kihifadhi mbegu, na utungisho hutokea ndani ya ovari. Pili, uzazi wake hufuata majira: viinitete vilivyomo katika uterasi huwa na umri unaokaribiana, mimba huchukua miezi 13, na mayai ya mwaka mpya huingia katika mirija takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa mwaka uliopita kuzaliwa. Tatu, dume huweka vifurushi vyeupe vya mbegu juu ya ngozi ya jike, mahali popote bila kuchagua, na si katika tundu la uzazi.

Wakati huohuo, watafiti wa Kijerumani walikuwa wakichunguza spishi za Amerika. Eduard Gaffron alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa anatomia na tishu mwaka 1883 na 1885, na kueleza kihifadhi mbegu katika Peripatus edwardsii. Julius von Kennel, aliyefanya kazi kwa wanyama wa Trinidad, alionyesha kwamba mayai ya spishi za huko ni madogo na hayana kiini cha njano, na kwamba kiinitete hujishikiza kwenye ukuta wa uterasi kwa kitovu na kiungo kinachofanana na kondo la nyuma. Uterasi ya jike mmoja wa spishi hizo huwa na viinitete vya hatua mbalimbali, kuanzia vichanga kabisa hadi vilivyo karibu kuzaliwa.

Tofauti kati ya picha hizi mbili ilikuwa kubwa. Upande mmoja palikuwa na jike asiye na kihifadhi na mwenye uzazi wa majira. Upande wa pili palikuwa na jike mwenye kihifadhi, kondo na uzazi unaoendelea mfululizo. Kwa msomaji wa leo, hitimisho la kawaida lingekuwa kwamba wanyama hawa ni wa makundi mawili yaliyoachana zamani. Lakini mwaka 1888 Sedgwick bado aliwaweka wote katika jenasi moja ya Peripatus. Athari ya jina hilo moja haikuwa ndogo. Swali lililoulizwa mara kwa mara lilikuwa Peripatus anazaaje, kana kwamba lina jibu moja, na mtafiti aliyetofautiana na mwenzake alionekana kukosea badala ya kuonekana ameona mnyama mwingine. Kadhalika, majina ya viungo vyenyewe yalibeba dhana kuhusu kazi zake. Karibu na kihifadhi mbegu, spishi za Amerika zina kifuko kingine chenye kuta nyembamba ambacho kiliitwa kipokea mayai. Kukiita hivyo kulikuwa tayari ni kudai kazi yake.

4.0 Mayai ya Victoria na uainishaji wa Bouvier, 1891–1907

Gharama ya mazoea hayo ilionekana wazi zaidi nchini Australia. Mwaka 1891 Arthur Dendy, akiwa Melbourne, aliripoti kwamba mnyoo-mahameli wa Victoria hutaga mayai. Taarifa hiyo ilipokewa kwa mashaka. Spishi za Rasi na za Amerika zilijulikana kuzaa watoto hai, na huko New South Wales J. J. Fletcher alikuwa ameona wanyama wanaozaa watoto hai vilevile. Kwa kuwa wanyama wa Victoria na wa New South Wales walidhaniwa kuwa wa spishi moja, wenye mashaka walikuwa na sababu ya kuyaona mayai ya Dendy kama tukio lisilo la kawaida. Dendy aliendelea na uchunguzi wake. Alionyesha kwamba majike wanaotaga wana kiungo cha kutagia, na mwaka 1900 aliwapa jenasi yao, Ooperipatus. Ilibainika kwamba pande zote mbili ziliona sawasawa. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba zilikuwa zikimtazama mnyama mmoja.

Kuanzia hapo, viungo vya uzazi vya jike vilipata kazi mpya katika uandishi wa zuolojia. Eugène-Louis Bouvier wa Paris, katika monografia yake kubwa iliyochapishwa kati ya 1905 na 1907, aliwapanga Onikofora wote waliojulikana, na katika mpangilio huo sifa za uzazi zilikaa pamoja na sifa za nje kama vile miguu na mahali pa tundu la uzazi. Kuwapo au kutokuwapo kwa kihifadhi mbegu sasa kulisaidia kutenganisha makundi. Haya yalikuwa maendeleo ya kweli, kwa sababu yalivunja dhana ya Peripatus mmoja. Hata hivyo, yalikuwa na upungufu wake. Kiungo kilipogeuka kuwa alama ya uainishaji, swali la jinsi kinavyofanya kazi lilisogezwa pembeni. Mtaalamu aliweza kuandika kwamba jenasi fulani haina kihifadhi na kuendelea na sifa inayofuata, bila kulazimika kueleza mbegu hufikaje kwenye ovari.

5.0 Njia ya ngozi, 1891–1938

Swali hilo lilikuwa limeachwa wazi tangu Sedgwick. Ikiwa vifurushi vya mbegu huwekwa ovyo mgongoni au ubavuni mwa jike, mbegu zinafikaje kwenye ovari ambayo imo ndani kabisa ya mwili? Sedgwick mwenyewe alikisia kwamba huenda mbegu hupenya ukuta wa mwili chini ya kifurushi na kupita katika tishu hadi kwenye ovari. Kisio hilo halikuwa na ushahidi wa moja kwa moja kwa mnyoo-mahameli, lakini halikuwa peke yake. Mwaka 1891 mwanazuolojia wa Marekani, Charles Otis Whitman, alieleza upandikizaji wa mbegu kupitia ngozini kwa kutumia vifurushi katika ruba. Kwa hiyo, jambo lililoonekana kuwa la ajabu lilipata mfano wake katika mnyama mwingine.

Uthibitisho ulitolewa na Sidnie Manton wa Cambridge, mwanamke wa kwanza kupewa shahada ya juu ya udaktari wa sayansi katika chuo hicho, mwaka 1934. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1938 kuhusu jenasi ya Peripatopsis, ambayo ndimo Peripatus capensis alimokuwa amehamishiwa, Manton alifuatilia safari ya mbegu hatua kwa hatua kwa kukata tishu vipande vyembamba na kuvipanga kwa mfuatano wa wakati. Kifurushi kinapogandama kwenye ngozi, chembe za damu za jike hukusanyika chini yake. Chembe hizo huyeyusha ngozi mahali hapo pamoja na ukuta wa chini wa kifurushi. Mbegu huingia katika uwazi wa mwili, ambao kwa wanyama hawa umejaa damu, husambaa humo na hatimaye hupenya ukuta wa ovari.

Umuhimu wa matokeo haya hauko katika ugeni wake tu. Yalionyesha kwamba mwili wa jike hushiriki katika upokeaji wa mbegu, kwa kuwa chembe zake mwenyewe ndizo zinazofungua njia. Yalionyesha pia kwamba kukosekana kwa kihifadhi hakumaanishi kukosekana kwa mahali pa kukaa mbegu, kwa kuwa ovari yenyewe huzipokea. Swali la kama jike ana kihifadhi au hana lilibadilika na kuwa swali la mbegu hukaa wapi na kwa muda gani. Ikumbukwe kwamba Manton alifanikiwa kwa sababu hakutegemea mnyama mmoja aliyetunzwa katika spiriti. Alihitaji majike wa umri na majira mbalimbali, na historia ya maisha ya Peripatopsis ilikuwa sehemu ya mfululizo huohuo wa tafiti zake.

Hata hivyo, ushindi huu nao ulizaa mgawanyo mpya uliokubalika bila kuhojiwa vya kutosha: spishi zisizo na kihifadhi hupokea mbegu kwa njia ya ngozi, na spishi zenye kihifadhi huzipokea kwa njia ya tundu la uzazi. Mgawanyo huo ulivutia kwa unadhifu wake. Ulihitaji spishi moja tu kuuvunja.

6.0 Kuvunjika kwa mgawanyo, 1980–2001

Katika miongo miwili ya mwisho ya karne ya 20, uchunguzi uliendelea kwa njia tatu zilizokutana. Njia ya kwanza ilikuwa hadubini ya elektroni, iliyotumiwa hasa na watafiti wa Ujerumani wakiwemo Hilke Ruhberg na Volker Storch, kuchunguza kuta za mirija, vihifadhi na uterasi kwa undani ambao Gaffron hakuweza kuufikia.

Njia ya pili ilikuwa uchunguzi wa tabia ya kupandana. Noel Tait na David Briscoe wa Sydney walionyesha mwaka 1990 kwamba mashimo, miiba na vinundu vilivyo vichwani mwa madume wa spishi nyingi za Australia vinahusika na uhamishaji wa mbegu. Mwaka 2001 Tait na mwenzake walieleza tabia ya Florelliceps stutchburyae, ambaye dume wake hubeba kifurushi kichwani na kukipeleka kwenye tundu la uzazi la jike. Kwa hiyo, hata pale mbegu zinapopita katika tundu la uzazi, namna ya kuzifikisha haikuwa ile iliyodhaniwa.

Njia ya tatu ilikuwa vinasaba, na ndiyo iliyouvunja mgawanyo wa zamani. Mnyama aliyehusika ni Euperipatoides rowelli, anayeishi katika magogo yanayooza ya misitu ya New South Wales. Dume wa spishi hii huweka vifurushi juu ya ngozi ya jike, kama ilivyo kwa Peripatopsis wa Afrika Kusini. Lakini jike wake ana vihifadhi mbegu viwili, na mbegu huhifadhiwa humo. Njia ya ngozi na kihifadhi, vilivyokuwa vimewekwa pande mbili za mgawanyo, vilikutana katika mwili mmoja. Mwaka 1999 Natasha Curach na Paul Sunnucks walitumia alama za kinasaba kuchunguza mbegu zilizomo katika vihifadhi pamoja na viinitete. Walionyesha kwamba mbegu hugawanyika katika sehemu za uhifadhi, na kwamba watoto wa jike mmoja wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Utafiti wa mwaka 2000 kuhusu uzazi wa spishi hiyo uliongeza kwamba majike hupokea mbegu mapema maishani, kabla ya mayai yao kukomaa.

Matokeo haya yanairudisha historia kwenye meza ya Hutton. Jike mchanga ambaye mayai yake hayajakomaa, naye ana mbegu za kiume mwilini, ndiye hasa mnyama anayeweza kumchanganya mpasuaji. Kilichobadilika kati ya 1876 na 2000 ni swali analoulizwa. Hapo awali mbegu zilizomo ndani ya jike zilitumika kuuliza jike ni wa jinsia gani. Sasa zinatumika kuuliza ni za nani, zimekaa kwa muda gani, na zipi zitakazotumika.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba historia ya maarifa kuhusu uhifadhi wa mbegu katika jike la mnyoo-mahameli haikusonga mbele kwa mstari ulionyooka kutoka kosa hadi ukweli. Watafiti wengi waliotofautiana walikuwa wameona sawasawa. Sedgwick hakukosea kusema kwamba jike wa Rasi hana kihifadhi, wala Gaffron hakukosea kukieleza kwa spishi ya Amerika. Dendy aliona mayai na Fletcher aliona watoto hai, na wote wawili waliona kweli. Kosa lilizaliwa pale matokeo ya spishi moja yalipovikwa jina la kundi zima.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo mawili yanajitokeza kwa watafiti wa historia ya sayansi. Kwanza, majina ya kisayansi yanapaswa kuchunguzwa kama sehemu ya hoja na si kama lebo tu, kwa sababu jina la Peripatus liliamua kwa miaka mingi ni tofauti zipi zionekane kuwa za kawaida na zipi zionekane kuwa makosa. Pili, kielelezo kilichohifadhiwa kinaonyesha kiungo, lakini hakionyeshi muda, na uhifadhi wa mbegu ni jambo la muda. Ndiyo maana ubichi wa wanyama wa Moseley, majira ya Sedgwick, mfuatano wa Manton na viinitete vya Curach na Sunnucks vilitoa majibu ambayo upasuaji wa kielelezo kimoja usingeweza kuyatoa. Mtafiti atakayeandika kuhusu spishi nyingine ya kundi hili, iwe ya Gabon, ya Afrika Kusini au ya Chile, anapaswa kutaja pamoja na umbo la kiungo, jina kamili la spishi, umri wa jike na majira aliyokusanywa. Bila mambo hayo, mbegu zilizokutwa ndani ya mwili wa jike zinaweza tena kusomwa kama kitu zisichokuwa.